Nyama ya Kopo: Ng'ombe wa Usukuma Walivyokwenda Kawe na Kurudi Mezani



Mhariri wa jarida hili ameniandikia mara mbili akitaka makala ya historia, na akanionya nisirudie habari za majengo ya shule wala orodha ya walimu wakuu, kwa kuwa hayo yamekwisha kuandikwa na wenzetu kwa ufasaha. Basi nimechagua jambo la jikoni. Nataka kueleza habari za nyama ya kopo, ile ya kopo la pembe nne lililofunguliwa kwa ufunguo wake, na namna baadhi yetu tuliokulia Mwanza tulivyoila ikiwa imeokwa pamoja na viazi ndani ya sufuria lenye makaa juu na chini. Atakayeona kwamba jambo hili ni hafifu kwa jarida la watu wazima na avumilie kidogo. Ndani ya kopo lile mlikuwa na reli, mlikuwa na siasa za wakoloni, mlikuwa na ng'ombe wa babu zetu, na mlikuwa na ubishi ambao hauishi kila tunapokutana: ni nani aliyekiua kiwanda cha Kawe?

Tuanze na jina. Waingereza wameipa nyama hii jina lenye neno lao la kale la punje, na punje zenyewe si za mahindi kama wengine wanavyodhani, bali ni za chumvi ya mawe iliyotiwa katika nyama ili isioze. Biashara hiyo ilistawi sana huko Ayalandi katika karne ya 17 na ya 18, hasa katika mji wa bandari wa Cork. Ng'ombe walichinjwa, nyama ikatiwa chumvi na kushindiliwa katika mapipa, mapipa yakapakiwa katika meli za jeshi na za biashara kwenda visiwa vya Karibi. Mkulima maskini wa Ayalandi aliyewatunza ng'ombe hao yeye alikula viazi. Naomba msomaji aishike habari hiyo.

Kopo lilikuja baadaye. Kopo tulijualo, lenye upande mmoja mpana kuliko mwingine ili nyama iteleze itoke nzima kama tofali, lilitokea Chicago, Marekani, mwaka 1875. Wakati huo kampuni nyingine ilikuwa imekwisha kujijenga Amerika ya Kusini. Mkemia mmoja wa Kijerumani, Justus von Liebig, alikuwa amegundua njia ya kuichemsha nyama na kuikausha supu yake hata ikawa ujiuji mzito mweusi, na mwaka 1865 kampuni yenye jina lake ikaanzishwa London ili kuutengeneza kwa wingi mjini Fray Bentos, Uruguay. Ili kupata kilo moja ya dawa hiyo ya supu zilihitajika kilo kama 30 za nyama, kwa hiyo walitafuta mahali ambapo ng'ombe ni wengi na bei yake ni duni. Baadaye wakaongeza nyama ya kopo. Shauri lao lilikuwa ni lile lile daima: fuata ng'ombe wengi wasiokuwa na soko, weka kiwanda, peleka makopo Ulaya. Ndivyo walivyofika kwetu Afrika ya Mashariki.

Walifika kwanza Kenya. Mwaka 1938 kampuni ya Liebig ilifungua kiwanda Athi River, karibu na Nairobi, na kiwanda kinahitaji ng'ombe kama vile moto unavyohitaji kuni. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilianza kuwapunguza kwa nguvu ng'ombe wa Wakamba wa Machakos, ikisema kwamba mifugo imekuwa mingi na ardhi inamomonyoka. Maelfu ya ng'ombe walikamatwa na kunadiwa kwa bei ya kutupa. Wakamba hawakukubali. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, wanaume kwa wanawake na watoto walikwenda kwa miguu hadi Nairobi mwezi Julai 1938, wakakaa huko kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kulegeza amri yake. Atembeaye leo katikati ya Nairobi atauona mtaa wenye jina lake.

Kweli, ardhi ya Machakos ilikuwa inamomonyoka. Mtaalamu aliyesema hivyo hakusema uwongo. Lakini mwenye ng'ombe alipoona kiwanda kinajengwa mwaka ule ule ambao mifugo yake imekuwa "mingi kupita kiasi", alifanya hesabu zake, na sioni kwamba alikosea.

Sasa tuje kwetu. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Tangu hapo pamba na ng'ombe wa Usukuma walipata njia ya kwenda pwani, safari ya zaidi ya kilometa 1,200. Vita ya pili ya dunia ilipokuja, jeshi lilihitaji nyama. Askari wa keya waliopigana Uhabeshi na Burma waliijua vizuri nyama ya kopo na biskuti ngumu, na waliporudi vijijini waliisimulia, wengine kwa kuisifu na wengine kwa kuitemea mate. Baada ya vita, mwaka 1947, serikali ya Tanganyika na kampuni ya Liebig zikaungana kuunda Tanganyika Packers, serikali ikiwa na hisa zaidi kidogo ya nusu. Kiwanda kilijengwa Kawe, kaskazini ya Dar es Salaam, karibu na bahari.

Mwaka huo huo wa 1947 ndio ulioanza Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Hapa tena mtu asiyependa kudhania mabaya atasema mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati tu. Mpango ule ulikuwa na mambo mengi: mabwawa, matuta, misitu, kuhamishia watu Geita. Ulikuwa pia na amri ya kupunguza mifugo. Mwenye ng'ombe alitakiwa kuuza sehemu ya kundi lake kila mwaka, na juu ya hayo ikawekwa kodi ya mifugo. Watu walichukia. Chuki hiyo ilikutana na ile iliyotokana na bei ya pamba na mizani ya wanunuzi, ambayo Paul Bomani na wenzake waliikusanya katika ushirika wa wakulima uliozaa Victoria Federation mwaka 1955. TANU ilipigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa kuanzia mwaka 1954 na haikuruhusiwa tena mpaka 1958. Katika miaka hiyo amri za kupunguza mifugo zilikufa moja baada ya nyingine, kwa sababu hapakuwa na askari wa kutosha wa kumlinda kila bwana mifugo aliyekwenda kuhesabu ng'ombe.

Babu yangu mzaa baba, aliyekuwa na zizi lake Kwimba, alikuwa na usemi wake juu ya miaka ile. Alisema ng'ombe wa mnada walikuwa wa aina tatu: mgumba, mgonjwa na wa mjane. Mgumba na mgonjwa aliwauza kwa hiari yake. Wa mjane ni yule aliyeuzwa kwa sababu mwenyewe hakuwa na mtu wa kumsemea. Mnunuzi mmoja alimlipa mama mkubwa wa baba yangu fedha ambazo hazikutosha hata kununua ndama, na katika ukoo wetu neno la "bei ya mjane" lilitumika mpaka mimi nilipokuwa mtu mzima.

Baba yangu mwenyewe alikuwa karani wa stesheni. Alianza kazi Malampaka kabla ya kuhamishiwa Mwanza, na ng'ombe walipakiwa mbele ya dirisha lake. Nilikuwa mdogo sana Malampaka, lakini nakumbuka vumbi, milio, na wachungaji waliokuwa wakipanda pamoja na ng'ombe wao ili wawanyweshe maji njiani. Baba alikuwa akisema kwamba ng'ombe anaondoka Usukuma akiwa ng'ombe na anafika Dar es Salaam akiwa ngozi na pembe. Alitia chumvi, lakini si sana. Mnyama anayesafiri siku kadhaa katika behewa, akishushwa na kupandishwa, hupungua uzito, na hasara hiyo lazima ilipwe na mtu. Kwa kawaida ilitolewa katika bei ya mwenye zizi.

Msomaji atauliza: mbona kiwanda hakikujengwa Mwanza au Shinyanga, ng'ombe walipo? Jibu ni kwamba kiwanda hakikujengwa kwa ajili yetu. Kilijengwa kwa ajili ya meli. Nyama mbichi ya Tanganyika isingeweza kuingia Uingereza kwa hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo, lakini nyama iliyopikwa ndani ya kopo iliruhusiwa, maana moto huua vijidudu. Tena ng'ombe wetu wa nundu, aliyetembea maisha yake yote akitafuta majani, ana nyama ngumu isiyo na mafuta mengi, ambayo mwenye hoteli ya London asingeitaka kwa kuchoma. Katika kopo inafaa sana.

Kazi yenyewe si ya siri. Nyama hutolewa mifupa na mishipa, hukatwa vipande, huchemshwa kidogo ili ipungue maji, kisha hutiwa chumvi, sukari kidogo na ile chumvi ya dawa iitwayo nitriti, ambayo ndiyo inayoipa rangi yake nyekundu. (Nyama ya kawaida ikichemshwa huwa ya kijivu. Hii haiwi.) Hushindiliwa katika makopo, hewa hutolewa, kopo hufungwa, ndipo makopo hupikwa tena katika mapipa makubwa ya mvuke wenye nguvu. Mwisho hupozwa kwa maji, na hapo ndipo penye hatari. Mwaka 1964 katika mji wa Aberdeen, Uskoti, watu zaidi ya 400 waliugua homa ya matumbo kwa kula nyama ya kopo kutoka Argentina. Kopo lilikuwa limepozwa kwa maji ya mto yasiyotiwa klorini, na kitundu kidogo kisichoonekana kwa macho kilitosha kupitisha vijidudu. Tangu siku hizo wanunuzi wa Ulaya wamekuwa wakali mno juu ya maji ya viwandani, na kiwanda chochote kinachotaka kuwauzia hugharimika.

Uhuru ulipokuja na baadaye Azimio la Arusha mwaka 1967, kiwanda cha Kawe tayari serikali ilikuwa na sehemu kubwa ndani yake. Katika miaka ya 1970 kikawa cha umma chote, chini ya shirika la kuendeleza mifugo, LIDA. Palikuwa na shirika la kununulia ng'ombe, shirika la ranchi, shirika la maziwa, na Packers yenyewe. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa kimepangwa. Lakini ng'ombe waliofika Kawe walizidi kupungua mwaka hadi mwaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiwanda kilikuwa kimekwisha kusimama. Leo viwanja vya Tanganyika Packers vinajulikana kwa mikutano ya injili na ya siasa, na vijana wengi wanaokwenda huko hawajui kwamba "Packers" maana yake ni watu wanaofungasha nyama.

Sasa ule ubishi. Wako wenzetu, na baadhi yao wamekuwa wakubwa serikalini, wanaosema kwamba kiwanda kiliuawa na ukaidi wa wafugaji. Msukuma, wanasema, anapenda kuhesabu ng'ombe kuliko kuhesabu fedha. Atakufa maskini akiwa na ng'ombe mia. Nimeusikia usemi huu tangu nikiwa kidato cha pili, katika mdahalo, na ulipigiwa makofi mengi na wavulana waliovaa viatu vilivyonunuliwa kwa mtamba.

Mimi sikubaliani nao, na nitaeleza kwa nini. Kwanza, wafugaji wale wale waliosemekana kwamba hawauzi walikuwa wakiuza kila juma mnadani. Waliwauzia wachinjaji wa Mwanza na Shinyanga, na wengine walivusha ng'ombe kwa magendo hadi Kenya, ambako bei ilikuwa nzuri zaidi. Mtu anayetembea usiku na ng'ombe wake hadi mpakani hawezi kuitwa mtu asiyetaka kuuza. Hakutaka kuuza kwa bei iliyopangwa ofisini. Packers ilipaswa kununua kwa bei ya chini ili kopo lake liweze kushindana na la Argentina huko Ulaya, wakati mchinjaji wa mjini alipandisha bei yake kila mshahara ulipopanda. Pili, mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, shilingi ilikuwa ikipoteza thamani mwaka hata mwaka. Mwenye kuuza ng'ombe watano mwezi wa Januari akaweka fedha chini ya godoro, kufikia Desemba hakuweza kununua watatu. Ng'ombe alizaa, shilingi haikuzaa. Kumwita mtu huyo mshamba ni kumwonea. Alikuwa mchumi kuliko sisi.

Tatu, na hili linatuhusu sana, ng'ombe alikuwa akiba ya kusomeshea. Katika wakati wetu masomo ya sekondari yalikuwa bure, lakini nauli, sare, sanduku na godoro havikuwa bure. Kila mmoja wetu ajiulize ni mnyama gani aliyeuzwa siku alipopata barua ya kuchaguliwa. Wangu alikuwa dume jeusi lenye baka jeupe, aliyetolewa na babu. Kama babu angalikuwa ameuza kundi lake kila mwaka kama alivyoshauriwa, dume huyo asingalikuwapo.

Nakubali kwamba upande wa pili una neno. Majosho yalikufa, homa ya mapafu ilirudi, malisho ya Shinyanga yalikwisha, na kundi kubwa lenye njaa si utajiri. Nakubali pia kwamba Wizara ilijaribu kurekebisha kosa la kuweka kiwanda pwani. Kiwanda cha nyama kilianza kujengwa Shinyanga katika miaka ya 1970, karibu na ng'ombe wenyewe. Majengo yalisimama. Miaka ikapita, serikali zikabadilika, nacho kikakaa pale miongo mingi pasipo kufanya kazi iliyokusudiwa. Nimepita hapo mara nyingi nikisafiri kwa basi, na kila mara abiria mmoja humweleza mwenzake habari zake kwa sauti kubwa, kila mmoja na sababu yake.

Tutoke katika ubishi tuingie jikoni.

Nyama ya kopo ilifika kwetu kwa njia ya reli ile ile. Baba alipokwenda Dar es Salaam kwa kazi alirudi na makopo manne au matano, akayapanga juu ya kabati, mahali pa heshima. Fikirini ajabu yake. Ng'ombe alipita mbele ya dirisha la baba akiwa hai, akaenda pwani, akarudi kwa gari moshi ndani ya bati, na tulimnunua kwa bei ya juu kuliko ile aliyolipwa babu. Huko buchani Mwanza nyama mbichi ilikuwa tele, na ziwani sato na furu walikuwa rahisi kuliko vyote. Kwa hiyo kopo halikuwa chakula cha njaa kwetu. Lilikuwa chakula cha Jumapili, au cha mgeni, au cha siku ya kufunga shule. Mama alikuwa na kanuni moja tu: kopo moja lilishe watu wanane. Kwa ajili hiyo aliliokea.

Oveni hatukuwa nayo. Jirani yetu mmoja, mwuguzi, alikuwa amefundishwa sayansikimu shuleni, naye alimfundisha mama kuoka kwa sufuria. Wengi mnaijua njia hii kwa keki. Unachukua sufuria kubwa nzito, unatandaza mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili, unaweka juu ya jiko la mkaa mpaka mchanga upate moto. Ndani yake unaweka sufuria dogo au karai lenye chakula. Unafunika kwa mfuniko wa bati, na juu ya mfuniko unatandaza makaa ya moto. Siri yake ni kwamba moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Wasioijua huchochea jiko, wakaunguza tako la chakula wakati uso wake bado mweupe. Sisi wavulana tulioletwa katika Elimu ya Kujitegemea tulifundishwa kulima, kufuga kuku na kufyatua matofali, lakini hakuna aliyetufundisha jambo hili. Naliona kuwa upungufu.

Mahitaji ni haya, kwa watu sita hadi wanane: kopo moja la gramu 340, viazi kilo moja na nusu, robo ya kabichi, vitunguu viwili, nyanya tatu, nusu kikombe cha maziwa, yai moja, na pilipili manga kidogo. Chumvi usitie. Kopo linayo ya kutosha kwa sufuria zima, na aliyetia chumvi katika viazi atajuta. Mafuta ya kupikia nayo si lazima. Fungua kopo, ukwangue yale mafuta meupe yaliyoganda juu na pembeni, uyatumie kukaangia vitunguu. Katika miaka ya 1981 hadi 1984, mafuta ya kupikia yalipokuwa ni ya kupanga foleni katika duka la RTC na kupata nusu chupa kama una bahati, kijiko hicho cha mafuta kilikuwa na thamani yake.

Vitunguu vikishakuwa rangi ya dhahabu, tia nyanya zilizokatwakatwa, uziache zikauke. Tia kabichi iliyokatwa nyembamba, igeuze mara chache tu. Kisha tia nyama, uivunjevunje kwa mwiko, uepue upesi, maana imekwisha kupikwa kiwandani na ikikaa motoni sana inakuwa uji. Viazi uwe umekwisha kuvichemsha na kuviponda kwa maziwa. Paka sufuria dogo mafuta, tandaza nusu ya viazi chini, tia nyama yote katikati, funika kwa viazi vilivyobaki, chora mistari juu kwa uma, paka yai lililopigwa. Iache ndani ya mchanga wa moto muda wa dakika 40, ukibadilisha makaa ya juu mara moja. Uso ukiwa rangi ya mkate, imeiva.

Mama alipokosa viazi mviringo, au bei yake ilipopanda, alitumia viazi vitamu, ambavyo pande zetu za ziwa havikosekani. Baba alinung'unika mara ya kwanza. Mara ya pili aliongeza sahani. Utamu wa kiazi na chumvi ya nyama vinapatana kuliko mtu anavyotazamia, na mimi sasa nyumbani kwangu napika hivyo tu. Jaribio lake la kutumia michembe iliyolowekwa halikufaulu, na sitalieleza.

Makopo yalipotoweka kabisa madukani, mwaka ule wa 1983 wa msako wa wahujumu uchumi ambapo mwenye makopo matatu alihitaji kueleza aliyapata wapi, mama hakuacha. Alinunua kidari buchani, ile sehemu ya kifua ambayo wengi huidharau kwa ugumu wake na ambayo kwa sababu hiyo bei yake ilikuwa afadhali. Alikichemsha kwa moto mdogo muda wa saa tatu katika maji yenye chumvi nyingi, vitunguu saumu na majani ya mchaichai. Kukilaza na chumvi usiku kucha hakuthubutu, kwa joto la Mwanza na bila jokofu. Kikishalainika alikitoa, akakichambua, akakibana kati ya sahani mbili na kuweka jiwe juu. Mji wetu hauna upungufu wa mawe. Baada ya saa moja au mbili nyama ilikuwa imeshikamana, ikawa inakatika kwa kisu. Rangi ilikuwa ya kijivu, si nyekundu, kwa kuwa haikuwa na ile chumvi ya dawa, na wadogo zangu walilalamika kwamba si nyama ya kopo ya kweli. Iliokwa vile vile, ikaliwa vile vile. Kwa maoni yangu ilikuwa tamu zaidi, na ng'ombe wake alikuwa hajasafiri mbali zaidi ya Magu.

Siku hizi makopo yako tele katika maduka makubwa ya Mwanza. Nimesoma maandishi ubavuni mwa kopo nililonunua mwezi uliopita: limetoka Brazili. Mjukuu wangu alinisaidia kutafuta ufunguo wake, akauliza kama Tanzania haina ng'ombe. Nilimwambia zipo nchi chache tu barani Afrika zenye ng'ombe wengi kuliko yetu. Akauliza basi kwa nini. Nikamwambia akachukue makaa.

Kwa hiyo wenzangu, atakayependa kujaribu na asinunue kopo. Bei yake sasa inakaribia kilo nzima ya kidari, na hatapata kilo. Anunue kidari kwa mchinjaji anayemfahamu, aagize kisitolewe mafuta yote. Mwenye oveni ya umeme atumie moto wa nyuzi 180 kwa nusu saa, lakini mimi naona uso wake hauwi kama ule wa makaa. Na akishaepua asikate papo hapo. Aiache ipoe kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, la sivyo itavunjika sahanini.